Blanketi Lisilouma

Ndiyo, nililala. Tangu Jumapili mnaniuliza kwa kuzungukazunguka, mara Mama Neema anataka kujua kama siku hizi napata usingizi, mara mwingine anacheka pembeni kisha anajifanya anakohoa. Basi leo nasema mwenyewe. Nililala mbele ya wakwe, mimi niliye shangazi wa bwana harusi, mimi niliyetakiwa kusema kwa niaba ya ukoo. Nililala mdomo wazi. Lakini kabla hamjacheka zaidi, nisikilizeni nilikotoka, maana mtu hafiki kwenye usingizi wa namna ile kwa siku moja.

Kwanza, blanketi lililouma

Baraka mnamjua, ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimchukua Njombe akiwa darasa la tatu, nikaja naye hapa Malvern, Johannesburg, nikamlea kwa masweta ya shule ninayofuma kwa mashine pale Jules Street. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye maghala ya Midrand, na amempata Njeri, msichana wa Kikenya ambaye wazazi wake wanaishi Randburg. Mambo ya mahari ni mengi na nitayaruka, ila moja halirukiki: blanketi la bibi. Kwetu lipo na kwao lipo. Tofauti ni kwamba kwao shangazi wa kijana ndiye anayemfunika bibi kwa mikono yake, na mpaka bibi mwenyewe aseme "nimepata joto", hakuna mazungumzo mengine yanayoanza.

Bibi wa Njeri wanamwita Shosho. Ni mama mzazi wa baba yake, amekuja kutoka Nyeri kuwatembelea, na ngozi yake ni dhaifu tangu ujana. Hilo la ngozi hakuna aliyeniambia. Jumamosi ya kwanza nilimpelekea blanketi la sufu ya kondoo, la kijivu, zito, nimelichagua kwa majivuno yangu yote ya ufundi. Nikamfunika. Hajamaliza kikombe cha chai akaanza kujikuna shingo, kisha mikono, vipele vyekundu vikatoka mpaka viwikoni. Akalivua taratibu, akalikunja, akaniwekea mapajani.

"Mimi sitaki kudanganya mtu," akasema. "Hii kitu inaniuma. Siwezi kupeana mjukuu wangu huku najikuna."

Kikao kikaishia hapo. Ndege ya Shosho ya kurudi Kenya ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na alishasema kwa umri wake hatapanda nyingine kuja huku. Kwa hiyo tulibakiwa na Jumamosi moja. Nikishindwa Jumamosi hiyo, basi ndoa ingojee mpaka familia nzima iweze kusafiri hadi Nyeri, na ninyi mnajua safari za namna hiyo zinavyoahirishwa mpaka watu wanazeeka. Na aliyemwangusha Baraka ni mimi, fundi wa nyuzi, kwa sababu ya uzi. Siku ile nilishindwa kumtazama usoni.

Nikasikia kuna sufu ya mnyama aitwaye alpaka isiyowasha ngozi, basi Jumatatu nikanunua skafu sokoni ya kuijaribu, imeandikwa alpaka kwa herufi za dhahabu. Nikachomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti. Sufu ya kweli ikiungua hunuka nywele na kubaki majivu ya kusagika kwa vidole. Uzi ule uliyeyuka ukawa shanga nyeusi. Plastiki tupu. Njeri ndiye aliyetafuta mpaka akapata shamba la alpaka wenyewe, huko milimani Free State, wanakofuga na kusokota na kufuma palepale. Wakamwambia kuna blanketi tayari linafumwa, mtu aje alichukue, maana kwao hata gari la vifurushi halipandi. Mtu huyo akawa mimi.

Malvern hadi Midrand

Niliondoka Jumatano alfajiri, giza bado, baridi ya Juni ile ya kukata masikio. Baraka alishaniombea nafasi kwa Papa Heri, dereva wa lori anayepakia pale ghalani kwao. Papa Heri ni Mkongomani wa Uvira, mtu wa makamo, mpole, anayeendesha kati ya Midrand na Durban. Lori liliahidiwa kutoka saa mbili asubuhi. Saa mbili nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki langoni, begi mapajani, nimevaa masweta matatu.

Saa nne bado wanapakia. Saa sita wakashusha walichopakia, kwa kuwa kilikuwa cha lori lingine. Mlinzi akanihurumia akaniletea gwinya la moto, andazi la huku, kutoka kiduka cha spaza cha jirani, mafuta yakanichuruzika mpaka mkononi, nikayafuta kwenye sweta. Papa Heri alikuja kila baada ya muda kunipa habari ileile.

"Mama, hapana sikia mubaya. Bado kidogo tu."

"Kidogo ya Uvira au kidogo ya Midrand?"

"Ya Midrand iko murefu zaidi," akajibu, wala hakucheka.

Tuliondoka saa nane mchana. Kabla hata sijaanza safari, mgongo ulikuwa umeshachoka.

Midrand hadi Harrismith

Kupanda lori kwa mama wa umri wangu ni kazi. Ngazi ya kwanza iko usawa wa goti, ya pili usawa wa nyonga. Papa Heri alisimama chini akitazama pembeni kwa heshima huku akisema "polepole, mama", na wafanyakazi wa ghala wakasimama kutazama bila heshima yoyote. Nikafika juu nahema.

Barabara ile haina hadithi. Ni majani makavu ya kahawia kulia na kushoto, pengine ng'ombe, pengine moshi wa watu wanaochoma nyasi. Papa Heri alifungua chombo chake cha kutunzia joto, mkewe alikuwa amemfungia ugali wa fufu na sombe. Nikamwambia hiki ni kisamvu. Akasema hapana, hii ni sombe. Nikasema majani ya muhogo yaliyotwangwa ni kisamvu, nimezaliwa nayakuta. Akasema kama ni kisamvu basi nisikule, ningojee kisamvu changu. Nikala sombe. Ilikuwa imepikwa na mawese na samaki wakavu, na lazima nikiri kwamba mke wake ananishinda.

Kisha akataka kujua ninachokifuata huko. Nikamweleza habari ya Shosho na vipele na wale wanyama wa alpaka.

"Ile nyama yao munakula?"

"Hatuli, nataka sufu."

"Basi munaenda Free State kwa kutafuta nywele."

Nilichoka mno hata nisiweze kubisha. Ndivyo ilivyokuwa hasa.

Harrismith tuliingia gizani, tukasimama kwenye kituo cha malori. Papa Heri akaniachia kitanda chake cha nyuma ya viti, yeye akaenda kujibanza kwenye lori la mwenzake. Malori yaliunguruma usiku kucha. Sikumbuki kama nililala. Asubuhi akanitafutia gari dogo la mizigo la mtu aliyekuwa anapeleka chumvi ya mifugo kule milimani, akaniahidi: "Ijumaa saa kumi niko hapa, natoka Durban. Kabisa."

Kupanda shambani

Mwenye gari la chumvi alinipandisha milimani. Akanishusha kwenye lango la mbao, akasema atanipitia Ijumaa mchana, akageuza, akaondoka. Nikasimama na begi langu kwenye upepo unaotoka moja kwa moja kwenye theluji ya Lesotho.

Mzee mmoja aliyevaa blanketi mabegani akanifungulia lango. Nikamsalimu kwa Kizulu changu cha Jules Street, naye akanijibu kwa Kisotho, tukaridhika wote wawili. Akanitazama juu mpaka chini, akaniingiza, akanikabidhi uma wa kuzolea samadi na toroli, akanionyesha zizi.

Jamani, kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walinipa siku ya kwanza. Nikadhani ndio utaratibu wao, kwamba anayetaka sufu lazima aijue inakotoka. Nikaweka begi chini nikaanza kuzoa. Na hapo ndipo nilipoonana na alpaka. Ni wanyama wa shingo ndefu na miguu myembamba, asili yao milima ya Amerika Kusini, na nywele za utosini zimewaangukia machoni kama mtoto aliyekataa kuchanwa. Walisogea wote kunitazama. Hawalii kama mbuzi. Wanaguna kwa ndani, mmm, mmm, sauti ya mtu anayekubali maneno yako kwa adabu tu. Ni wasafi ajabu, wanakwenda haja wote mahali pamoja, kwenye kona moja ya zizi, na ninaweza kuwathibitishia hilo kuliko mtu yeyote hapa Johannesburg.

Nilikuwa kwenye toroli la pili alipotokea mwanamke mnene amefunga kitambaa kichwani, anakimbia huku amejishika kiuno.

"Wewe ndiye wa blanketi?"

"Ndiye mimi."

"Mzee alidhani wewe ni mfanyakazi mpya wa kibarua. Eish, mama, pole, pole sana."

Huyo ndiye ausi Disebo, yaani dada Disebo, mkuu wa sufu wa shamba lile. Alininyang'anya uma, akaninawisha mikono yeye mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, akanipa uji mchachu wa mtama na mkate wa mvuke. Nilikula mpaka nikaona haya. Kisha nikaomba blanketi langu nilione, na hapo uchovu ukanirudia wote. Blanketi lile hufumwa kwa vipande vitano virefu, halafu vinaunganishwa. Vilivyokuwa tayari ni vitatu. Disebo alikuwa amepata homa wiki nzima iliyopita, na ujumbe aliomtumia Njeri haukuwahi kufika, mtandao wa kule unategemea upepo.

Ilikuwa Alhamisi, karibu saa sita mchana.

"Una sindano za ziada?" nikamuuliza.

Siku ya sindano

Tukakaa sebuleni kwake jirani na jiko la makaa, yeye kipande chake na mimi changu. Miaka mingi nimefuma kwa mashine, vidole vilikuwa vimesahau. Saa ya kwanza nilifumua zaidi ya nilichofuma. Tulizungumza kwa Kizulu kibovu na Kiingereza kibovu, na kwa mikono pale vyote viwili vilipoishia.

Nilimwambia habari ya vipele vya Shosho, akaacha kufuma. Akaenda akaleta mashada mawili ya sufu, moja la kondoo, moja la alpaka wake mmoja mwenye rangi ya rooibos, ile chai nyekundu ya huku, akaniambia nifumbe macho na nigeuze shingo. Akanigusisha la kwanza chini ya taya. Lilikwaruza kidogo, kawaida, ndiyo sufu ninayoijua. Akanigusisha la pili. Sikuhisi kitu, nikangoja. Nikafumbua macho nikakuta limeshakaa shingoni muda wote.

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Unywele wa kondoo umezungukwa na magamba madogo yaliyosimama, ndiyo yanayokwaruza. Ya alpaka yamelala. Kondoo ana mafuta kwenye sufu yake, na ngozi nyingine zinayakataa. Alpaka karibu hana mafuta hayo. Ndani ya unywele wake mna nafasi za hewa, na hewa ikishakaa humo joto halitoki, ndiyo maana blanketi lake ni jepesi na bado linashinda zito. Hawaipaki rangi, wanayo nyeupe, ya maziwa, kahawia, kijivu, nyeusi, jinsi mnyama alivyozaliwa. Wananyoa mara moja kwa mwaka. Ya mgongoni na ubavuni ndiyo ya kuvaa karibu na ngozi. Ya shingoni inatosha skafu na soksi. Ya miguuni ni ngumu, hiyo ya mazulia na kamba na kujazia mito, na anayekuuzia hiyo kama ya mgongoni ni mwizi. Hata uchafu unaobaki hawatupi, wanauweka kwenye mashina ya miti ya matunda kushika unyevu.

"Kasoro yake moja," akasema Disebo. "Haikumbuki. Sufu ya kondoo ukiivuta inarudi. Hii ukiivuta inakwenda, haigeuki nyuma."

Nikaitika, mmm, kama alpaka. Nilisikia vizuri kabisa. Kusikia sikukosa.

Tulifuma mpaka macho yakakataa, tukaamka kabla ya jua tukaendelea. Ijumaa saa nne asubuhi vipande vyote vitano vilikuwa vimeunganishwa. Blanketi la rangi ya rooibos, urefu wa pima moja, yaani kutoka ncha ya mkono wangu huu hadi ncha ya mkono ule. Nililibeba mikononi na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kifua kilinilegea. Ningelikunja pale nikaenda zangu, leo msingekuwa na cha kuchekea.

Lakini mimi ni fundi. Kitu kilichofumwa kina vumbi la kusokota na harufu ya jiko, na sijawahi kumkabidhi mteja sweta ambalo halijafuliwa, sembuse mkwe. Disebo akasema halina haja. Nikasisitiza. Akasema basi kwa maji ya vuguvugu, bila kukamua, na likaushwe limelazwa juu ya meza ya wavu. Akalifua mwenyewe, akalibana ndani ya taulo, akalilaza kwenye wavu kama anamlaza mgonjwa, kisha akaenda kunywesha wanyama.

Nikalitazama. Linatoa matone. Jua la Juni lile, dakika chache tu limeshajificha nyuma ya wingu. Umeme ulikuwa umekatika, hita haiwaki, na kwenye jiko la makaa lingerudia harufu ileile. Na mimi saa kumi natakiwa Harrismith. Pale Jules Street masweta yote natundika kwenye kamba kwa vibanio na yanakauka yamenyooka vizuri, miaka yote. Waya wa uzio ulikuwa palepale kwenye upepo mzuri. Mkamia maji hayanywi, najua. Nikalinyanyua nikalitundika.

Nilikwenda kufunga begi. Niliporudi, pindo la chini lilikuwa linagusa majani.

Nilidhani waya umelegea. Nikaugusa, haukulegea. Uzito wa maji ulikuwa umelivuta blanketi lote kuelekea chini, kitanzi baada ya kitanzi, na lenyewe likaenda tu, halikugeuka nyuma. Lilikuwa limefika pima moja na nusu, limekonda katikati na kupanuka mapindoni. Disebo alipokuja aliweka ndoo chini, akakaa juu ya ile ndoo.

"Nitalitia maji moto lirudi," nikasema.

"Ukilitia maji moto halirudi. Litagandamana, litakuwa la kutengenezea kofia."

Nililia, ndugu zangu. Nasema wazi. Nililia kwa sababu ya uchovu, na kwa sababu nilimwona Baraka yule wa darasa la tatu, amesimama kituo cha basi Njombe na mfuko wake wa nailoni, ananiuliza kama huko tunakokwenda kuna baridi. Nikamwambia nitamfumia sweta. Sasa nimeshindwa kulaza kitambaa juu ya meza.

Disebo akainuka juu ya ndoo. Tulilishusha, tukalilaza tena, akalisukuma kwa viganja kutoka pande zote mpaka angalau likanyooka. Likawa blanketi zuri, sawa pande zote, refu kupita akili.

Harrismith hadi Midrand

Yule wa chumvi alinishusha kituo cha malori kabla ya saa kumi. Saa kumi Papa Heri hayupo. Saa kumi na mbili hayupo. Akatuma ujumbe wa sauti: malori yamepanga foleni kwenye mizani, hayasogei, lakini "niko njiani, mama, kabisa". Nilikaa kwenye benchi la mama muuza chakula, nikanunua pap, ugali wa huku, na maini kwa ajili ya kupata haki ya kukaa. Blanketi bado lilikuwa na unyevu. Sikuthubutu kuliweka chini penye mafuta ya magari, sikuthubutu kulitundika tena popote, nikalishika mapajani usiku wote, naligeuza upande huu na upande ule.

Papa Heri alifika alfajiri ya Jumamosi, macho mekundu. Hatukulaumiana. Akawasha kipasha joto cha lori, tukalitandaza blanketi juu ya viti na juu ya kitanda na likabaki jingine, nikalikumbatia lililobaki lisiguse sakafu. Lori lote likanuka mnyama aliyenyeshewa.

"Mama, ile Shosho iko mutu murefu sana?"

"Ni mfupi. Ananifika begani."

Akaongeza nguvu ya kipasha joto. Huyo ndiye rafiki wa safari.

Kikao kilikuwa saa tano. Saa nne tulikuwa Midrand, na lori haliruhusiwi kuingia mitaa ya watu. Papa Heri akaliegesha ghalani, akachukua gari lake dogo, akasema hawezi kunitupa nikiwa nimebakiza hatua ya mwisho. Sikuoga. Nilibadilisha kitenge ndani ya choo cha walinzi.

Randburg

Robot zote za Randburg, taa za barabarani, zilikuwa nyekundu kwa ajili yetu. Tuliingia saa tano na nusu. Baraka alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, midomo imemkauka. "Shangazi, umepata?" Nikamwonyesha begi. Papa Heri alinibebea mpaka ndani, na baba yake Njeri akamdhania ni mzee wetu, akamshika mkono kwa mikono miwili akamkalisha kiti cha mbele. Papa Heri alinitazama aone kama nitakanusha. Sikuwa na nguvu za kukanusha.

Shosho alikuwa kwenye kochi, mdogo, mikono mapajani, alama za wiki iliyopita bado zinaonekana. Nikatoa blanketi, nikalifungua, nikaendelea kulifungua. Nikamfunika mabega, likamfunika magoti, likafunika miguu, na lililobaki likalala kwenye zulia. Nikasema ukweli, maana uongo unahitaji nguvu.

"Shosho, nimeliharibu. Nililitundika wakati niliambiwa nililaze. Lakini sufu yake ni ya mgongoni, nimeifuma kwa mikono yangu na nimemwona mnyama."

Alilipapasa. Akalivuta mpaka chini ya taya.

"Ngojeni kwanza ninywe chai," akasema.

Kwa hiyo tukangoja, ukumbi mzima, watu wazima na suti zao, tunamtazama bibi kizee anakunywa chai. Hakukunywa haraka. Njeri alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kikombe kilipofika nusu Shosho akaniita.

"Kuja ukae hapa. Hii ingine inakaa chini bure."

Nikakaa kando yake, na yeye akaokota lile pindo refu kwenye zulia akanitupia magotini, akalipandisha mpaka kifuani kwangu. Nilitaka kukataa, si adabu kufunikwa na mkwe. Lakini joto lilinishika kuanzia miguuni, lile joto lisilo na uzito, na bega la Shosho lilikuwa palepale. Nikajiambia nifumbe macho kidogo tu mpaka chai iishe.

Nilipoyafumbua, vikombe vilikuwa vimeondolewa na dirishani jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kichwa changu kilikuwa begani kwa Shosho. Wanawake walikuwa jikoni wanapakua chakula, na Baraka amekaa chini miguuni pangu, anacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. Mambo yote yalikuwa yameshazungumzwa. Papa Heri wa Uvira ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo wetu wa Njombe, na inasemekana alisema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.

Niliomba radhi tena na tena. Baraka ndiye aliyenihadithia baadaye kilichotokea. Chai ilipoisha Shosho hakuwa amejikuna hata mara moja. Akatamka maneno yake, "nimepata joto". Baba Njeri akataka kuniamsha ili mazungumzo yaanze, na Shosho akamzuia kwa mkono.

"Wacha yeye," akasema. "Huyu mama amebeba kijana yake miaka yote mpaka hapa. Sasa amefika. Nyinyi ongeeni polepole."

Nao wakaongea mahari yote kwa kunong'ona.

Jumapili Shosho alipanda ndege na blanketi lake. Nilijitolea kulifumua na kulifupisha, akakataa katakata, akasema kwake Nyeri kuna baridi na kochi ni refu. Jana alinipigia simu. Hakuuliza habari za nyumbani wala za kazi.

"Umeamka?" akauliza.

Nikamwambia nimeamka, Shosho.